Bunduki ya Bei Nafuu kwa .300 Winchester Magnum: Fedha Iende Wapi

Nitoe msimamo wangu mapema. Mwenye bajeti ya dola 1,200 anayetaka kuwinda elki huku Colorado kwa kaliba (yaani aina ya risasi) ya .300 Winchester Magnum asinunue bunduki ya dola 1,200. Anunue ya dola 600 au 650, tena isiwe nyepesi, halafu fedha inayobaki aigawe kati ya darubini na maboksi ya risasi za mazoezi. Nimekuwa nikiulizwa jambo hili na Watanzania na Wakenya wanaohamia upande huu wa Marekani, wengi wao wakiwa hawajawahi kushika bunduki kwao, na jibu la kwenye simu huwa fupi mno. Hapa nalitoa lote.

Kwa asiyemjua, elki ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila mkubwa: dume lililokomaa la milima ya Rocky lina kilo 300 hivi, mifupa mizito ya bega, na roho ngumu. Colorado ndilo jimbo lenye elki wengi kuliko yote Marekani, zaidi ya laki mbili na nusu. Misimu ya bunduki huanza Oktoba na kuingia Novemba. Kaskazini-magharibi mwa jimbo, kuzunguka miji midogo ya Craig na Meeker, nchi iko wazi: vichaka vya kufika magotini, makorongo, miinuko ambayo unamwona mnyama yuko ng'ambo ya bonde na huna hata mti mmoja wa kujificha ili umsogelee. Huko ndiko kaliba ya masafa marefu inakopata kazi. Ukiwinda ndani ya msitu wa misonobari, ambako elki unamkuta hatua themanini mbele yako, kaliba ya zamani ya .30-06, ya mwaka 1906, inamaliza shughuli na bega lako linabaki salama. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize utawindia wapi. Kuna watu wamebeba .300 miaka yote na hawajawahi kupiga risasi kuvuka yadi 150 (yadi ni pungufu kidogo ya mita). Hao wamelipia mshindo tu.

Sheria yenyewe haidai makubwa. Colorado inataka kaliba isiyopungua milimita 6, kichwa cha risasi kinachopanuka, chenye uzito wa greni 85 au zaidi kwa elki, na nguvu ya pigo ya futi-pauni 1,000 (kipimo cha Kimarekani cha nguvu hiyo) kwenye yadi 100. Risasi ya kawaida ya .300 Winchester Magnum yenye kichwa cha greni 180, yaani gramu 11.7, hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban futi 2,960 kwa sekunde na hufika yadi 100 ikiwa na zaidi ya futi-pauni 3,000. Hiyo ni mara tatu ya kinachodaiwa. Hata kwenye yadi 500 bado ina kama 1,800. Ukiangalia namba hizo peke yake utadhani mambo yote yamekwisha, na hapo ndipo watu wanapopotea, maana nguvu hiyo haina faida yoyote kwa mnyama aliyepigwa tumboni.

Kaliba hii ina ukoo wake, na sisi wa Afrika Mashariki tunaujua kwa mbali. Ganda lake limetokana na .375 Holland & Holland ya mwaka 1912, ile ambayo Tanzania wawindaji wa nyati wanaibeba mpaka leo, na ambayo kwa askari wa wanyamapori ni jina la kila siku pamoja na .458. Ukilishika ganda la .300 utaona pete ya shaba iliyoinuka karibu na kitako chake. Pete hiyo iliwekwa kwenye .375 kwa sababu mabega ya ganda lile yalikuwa yameteremka sana, hayakuweza kulizuia vizuri ndani ya chumba cha mtutu, hivyo pete ndiyo ikafanya kazi ya kulishikilia mahali pake. Winchester walilifupisha ganda hilo wakatoa .458 mwaka 1956, .338 mwaka 1958, na mwaka 1963 wakaleta .300 yenye mabega ya wazi kabisa ambayo hayakuhitaji pete. Pete ikabaki tu kama alama ya ukoo. Jambo la maana zaidi kwa mfuko wako ni kwamba walilifupisha makusudi ili risasi nzima iingie kwenye bunduki yenye urefu wa .30-06. Kiwanda hakikulazimika kutengeneza mwili mpya wa bunduki mrefu zaidi. Ndiyo sababu leo hii karibu kila kampuni inayouza bunduki ya bei ya chini inaweza kukuuzia ya .300 kwa bei ileile, au kwa kuongeza kidogo sana.

Na risasi zake zinapatikana. Hili nalisisitiza kwa sababu wauzaji sasa wanasukuma kaliba mpya, 6.5 PRC na .300 PRC za mwaka 2018, 7mm PRC ya mwaka 2022. Ni kaliba nzuri, zimebuniwa kwa vichwa vyembamba virefu vinavyopasua upepo, na mtu anayejitengenezea risasi mwenyewe nyumbani atazifurahia. Lakini ukisahau risasi nyumbani au zikiishia njiani, duka dogo la mji wa wawindaji lina .30-06, lina .270, na lina .300 Winchester. Miaka ya 2020 na 2021, wakati rafu za risasi zilipokuwa tupu nchi nzima, mwenye kaliba isiyo ya kawaida alikaa bila kitu. Mbadala pekee ambao ningempa mtu kwa moyo mweupe ni 7mm Remington Magnum ya mwaka 1962. Ni ya ukoo uleule, inapiga karibu umbali uleule na inaliumiza bega kidogo kuliko hii. Kama una mwili mdogo, ichukue hiyo na usimsikilize mtu.

Sasa bei. Watu wazima waliozoea bunduki za zamani wakiona kitako cha plastiki wanatikisa kichwa, na nawaelewa, kwani zamani bei ndogo ilikuwa dalili ya kazi mbovu. Hata Winchester wenyewe, mwaka mmoja tu baada ya kuzaa .300, waliibadilisha bunduki yao ya Model 70 mwaka 1964 ili kupunguza gharama, wateja wakapiga kelele, na mpaka leo bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo zinauzwa kwa bei ya juu. Ila wakati uleule kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakithibitisha kwamba gharama ndogo na shabaha nzuri vinaweza kukaa nyumba moja. Remington 700 ya mwaka 1962 mwili wake ni wa duara, umechongwa kutoka kwenye chuma cha mviringo, kazi ya haraka na rahisi mashineni, na ukawa msingi wa bunduki nyingi za mashindano. Kabla yake, mwaka 1958, Nicholas Brewer aliibuni Savage 110, ambayo mtutu wake unafungwa kwa nati kubwa kwenye mwili wa bunduki.

Nati hiyo ndiyo siri. Katika bunduki ya zamani, fundi alilazimika kukata na kupima mtutu mara kadhaa hadi nafasi kati ya bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi) na ganda la risasi ikae sawasawa, na kila saa ya fundi ni fedha. Kwa nati, mfanyakazi anaweka kipimo ndani ya chumba, anauzungusha mtutu mpaka uguse kipimo, anakaza nati, basi. Nafasi imekaa sawa kila mara, bila fundi bingwa. Miaka mingi Savage ilidharauliwa kwa sura yake, huku ikipiga shabaha vizuri kuliko bunduki zilizoidharau. Leo makampuni mengi yameiga. Ongeza mashine zinazoongozwa na kompyuta, mitutu inayofuliwa kwa nyundo juu ya nondo ngumu yenye sura ya mifereji ya ndani, na vitako vya plastiki vinavyomiminwa kwenye kalibu, utaelewa kwa nini Ruger American, iliyoingia sokoni mwaka 2012, inaweza kuuzwa kwa dola mia tano na kitu na bado ikakusanya risasi tatu ndani ya inchi moja na nusu kwenye yadi 100.

Je, inchi moja na nusu inatosha? Kwa yadi 100 ikiwa ni hivyo, kwenye yadi 400 ni inchi sita. Moyo na mapafu ya elki vinachukua eneo la ukubwa wa sahani kubwa ya wali. Bunduki ya dola 2,500 inayokusanya nusu inchi itakupa inchi mbili badala ya sita, na tofauti hiyo inamezwa na upepo hata kabla hujavuta pumzi. Upepo wa maili 10 kwa saa unaokata njia ya risasi kutoka ubavuni huisogeza risasi ya .300 kwa kama inchi 6 kwenye yadi 300, na kama inchi 11 kwenye yadi 400. Usahihi unaolipia dola elfu mbili za ziada umepotea kwa kutojua kuusoma upepo ule kwa macho yako. Kwa hiyo nasema bila kusita: kwa mwindaji, usahihi wa bunduki ya bei nafuu si tatizo tena.

Tatizo lipo kwingine, nalo ni uzito.

Viwanda vikishusha bei huweka plastiki nyepesi na mtutu mwembamba, na muuzaji anakuambia kwa furaha kwamba bunduki haitakuchosha mlimani. Kweli haitakuchosha. Lakini bunduki ya .300 iliyofungwa darubini yenye uzito wa jumla wa pauni 7 inarudi nyuma begani kwa nguvu ya takriban futi-pauni 33. Ukiifanya iwe pauni 9, nguvu hiyo inashuka hadi 26 hivi. Bunduki ya .30-06 yenye uzito huo wa pauni 9 inarudi kwa kama 20. Pauni mbili, chini ya kilo moja, ndizo zinazotenganisha bunduki utakayoipenda na bunduki utakayoiogopa.

Hili nililiona kwa macho yangu kwenye uwanja wa shabaha. Rafiki yangu mmoja, dereva wa malori, alikuja na bunduki mpya, nyepesi kuliko zote alizozikuta dukani. Risasi zake tatu za mwanzo kwenye yadi 100 zilikaa pamoja vizuri. Alipofika nusu ya boksi zikaanza kutawanyika, moja juu kushoto, nyingine chini kabisa nje ya duara. Akailaumu bunduki. Kisha akailaumu darubini, akaanza kuzifungua skrubu zake. Tulikuwa na mzee mmoja wa Iringa ambaye amewinda huku tangu sisi hatujafika.

"Mwanangu, acha hizo skrubu," mzee akamwambia. "Nipe nikutilie risasi mimi. Wewe geuka kule, usitazame."

Akatia, akafunga bolti, akamrudishia. Rafiki yangu akajiweka sawa juu ya gunia la mchanga, akalenga, akavuta triga. Ikasikika "tak" ndogo tu. Mzee alikuwa ametia risasi bandia ya plastiki, zile za mazoezi. Lakini mdomo wa mtutu ulizama chini karibu upana wa vidole vitatu, na sote tulimwona amefumba macho yote mawili, bega limeruka mbele kwenda kulikabili pigo ambalo halikuja.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Bunduki haina kosa. Bega lako limeshajifunza kuogopa. Ukienda nalo hivyo porini utajeruhi mnyama, aende akafie bondeni ambako humpati."

Siku hiyo hakupiga tena .300. Mzee alimpa bunduki ndogo ya .22, akakaa nayo akifyatua polepole mpaka jioni. Rafiki yangu baadaye aliongeza uzito kwenye kitako na kubandika raba nene ya kulinda bega, na sasa anapiga vizuri. Lakini uoga wa bega ukishaingia, kuutoa ni kazi ya miezi, na bei yake haimo kwenye risiti ya dukani.

Ndiyo maana, nikizipanga bunduki zilizopo kwenye daraja la bei hii, kigezo changu cha kwanza ni mizani. Ruger American ya .300 ina kama kilo tatu kabla ya darubini. Ni bunduki ya kweli, bolti yake fupi kuzungusha, mtutu mzuri, lakini kwa kaliba hii ningeichukua tu kama nimejiandaa kuiongezea uzito. Savage 110 ni nzito kidogo zaidi, na triga yake unaweza kuilegeza mwenyewe kwa kifaa kidogo kinachokuja nayo, jambo ambalo zamani lilihitaji fundi. Mossberg Patriot ni ya bei ya chini sana, nayo nyepesi, sina la kuongeza. Winchester XPR, ambayo inatengenezwa Ureno, imetulia. Tikka T3x kutoka Riihimäki, Finland, ndiyo yenye bolti laini kuliko zote. Unaisukuma kwa kidole kimoja inakwenda. Ila bei yake inaipeleka nje ya bajeti tunayoizungumzia, na ile ya kawaida ni nyepesi mno kwa .300. Tikka ningeinunua kwa kaliba ndogo.

Niliyoichagua mimi ni Howa 1500, na nikikosa Howa ningechukua Weatherby Vanguard bila kujuta, kwa sababu ndani ni kitu kimoja. Howa ni kiwanda cha Japani, kiko mkoa wa Aichi, na ndicho kinachotengeneza pia bunduki za jeshi la nchi hiyo. Weatherby, ambao mwaka 2019 walihamisha makao yao kutoka California kwenda Sheridan, Wyoming, wananunua mwili na mtutu kutoka kwa Howa, kisha wanavalisha kitako chao. Mwili wa Howa umefuliwa kwa chuma kizito, chini yake ni bapa, umekaa kwenye kitako bila kucheza. Triga yake ina hatua mbili: unaivuta kidogo, inagota, unajua kabisa kwamba ukiongeza kidogo italia. Ikiwa na darubini inakaribia pauni 9. Unapoipandisha mlima wa futi 9,000 utaisikia begani, hilo silifichi. Lakini siku ya kuwinda unapanda mara nyingi na kufyatua mara moja, na ile mara moja ndiyo iliyokuleta.

Kuna njia nyingine ya kupunguza pigo, nayo ni kile kifuniko chenye matundu kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu ili hewa ya baruti itokee pembeni. Kinafanya kazi, tena sana. Sikipendi. Mshindo wa .300 wenyewe ni mkali. Ukiongeza kifuniko hicho unaugeuza kuelekea masikio yako na ya mwenzako aliyelala pembeni yako. Porini watu huwa hawana muda wa kuvaa vizibo vya masikio, na masikio yakishaharibika hayarudi.

Kwenye darubini, tumia dola 250 au 300 pamoja na pete za kuifungia. Ukuzaji wa mara 3 hadi 9 unatosha kabisa kwa umbali wote nitakaoutaja hapa. Kitu cha kukikagua kwa makini ni umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma wakati picha imekaa kamili. Kwa .300 usikubali chini ya sentimita 9. Darubini za bei ya chini kabisa zinakulazimisha kuusogeza uso, na bunduki ikirudi nyuma ukingo wa kioo unakuchana juu ya nyusi. Wawindaji wengi wa huku wana kovu hilo la nusu mwezi. Pia magnum, yaani kaliba zenye nguvu ya ziada kama hii, hulegeza skrubu, kwa hiyo zikaze kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, wala si kwa kukisia.

Dola 300 zinazobaki ni za risasi. Boksi la risasi 20 linauzwa kuanzia dola 45, na yenye vichwa vizuri inapanda hata kufika 80. Nunua maboksi kadhaa ya bei ya chini kwa mazoezi na mawili ya kuwindia, na hakikisha umeilenga upya bunduki kwa yale ya kuwindia, kwani aina mbili tofauti hazipigi mahali pamoja hata kama uzito ni uleule. Usipige zaidi ya risasi kumi na tano kwa siku moja. Mazoezi mengine yote fanya kwa .22, au nyumbani kwa bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, unalenga ukutani na kuvuta triga huku ukitazama kama mdomo wa mtutu unatikisika.

Kichwa cha risasi ya kuwindia usikifanyie ubahili. Mwaka 1946 John Nosler alimpiga mnyama aina ya musi, mkubwa hata kuliko elki, huko British Columbia, Kanada, akitumia .300 ya Holland & Holland. Ngozi ya mnyama yule ilikuwa imejaa matope makavu, na risasi zake zikapasuka nje bila kuzama ndani. Bunduki ilikuwa na nguvu zote. Kichwa ndicho kilichoshindwa. Nosler akarudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inapanuka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kusukuma ndani. Mpaka leo kinauzwa kwa jina la Partition. Kwa .300, ambayo kwa karibu inapiga kwa kasi ya kupasua vichwa laini, chagua cha aina hiyo au cha shaba tupu. Cha shaba kina faida nyingine: hakiachi vipande vya madini ya risasi kwenye nyama, na nyama hiyo watakula watoto wako.

Niseme kidogo juu ya sheria kwa wageni, kwa sababu wengi wanaogopa hata kuingia dukani. Mwenye green card anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda kwa kawaida hazuiwi tu iwapo ana leseni halali ya uwindaji au anaingia kwenye misamaha mingine michache, kwa hiyo aulize kwanza kabla ya kutoa fedha. Utajaza fomu ya serikali kuu, majina yako yatachunguzwa, na Colorado tangu Oktoba 2023 utasubiri siku tatu kabla ya kukabidhiwa. Aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kama kuna watoto nyumbani, bunduki ikae imefungwa kwa kufuli. Ni sheria tangu mwaka 2021, na hata isingekuwa sheria.

Juu ya bei ya rafuni kuna kodi. Tangu Aprili 2025 Colorado inatoza asilimia 6.5 kwa bunduki na risasi. Kuna nyingine ambayo huioni kwenye risiti, asilimia 11 inayolipwa na kiwanda kwa serikali kuu chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, na fedha hiyo inarudi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori na makazi yao. Mimi huyu ninayetoka Afrika Mashariki, ambako Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na Tanzania inauendesha kwa vitalu na vibali, nimeutazama mfumo huu kwa makini, na naona una haki fulani ndani yake: kila boksi la mazoezi linachangia mnyama yuleyule unayemfuata. Naitoa fedha hiyo kwa moyo mmoja.

Mwisho kuna swali la umbali, ambalo kila mnunuzi wa kaliba hii analo kichwani hata asipolitamka. Ukiilenga .300 ipige katikati kwenye yadi 200, itashuka kama inchi 7 kwenye yadi 300, inchi 20 kwenye 400, na karibu inchi 40 kwenye 500. Yaani ile yadi mia moja ya mwisho peke yake inaishusha risasi sawa na umbali wote uliotangulia. Ukikosea kukadiria 450 ukadhani ni 500, umepiga juu ya mgongo au, ukikosea upande wa pili, umevunja mguu. Kipimo cha umbali cha leza kinasaidia, ila hakiusomi upepo ulioko katikati ya korongo.

Mpaka wangu ni yadi 350 nikiwa nimelala chini au nimeegemea begi, upepo ukiwa mtulivu. Upepo ukianza kuyalaza majani, mpaka unarudi 250. Bunduki yangu ya dola 600 inaweza kwenda mbali zaidi ya hapo, na naijua hivyo. Nikimwona dume kwenye yadi 500, nabeba begi langu, nashuka korongoni upande wa chini ya upepo, na kumtafuta kwenye 300.